Usije Mpaka Nikuite

Gatongora, Ruiru
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kanini,

Jana ulinikatia simu mara tatu. Sawa. Wamboi anakuja huko kesho kununua nyanya, nimempa karatasi hii akuletee.

Ni kweli kuna gari la hospisi linaloegeshwa kwenye boma la Mama kila Alhamisi? Nimeambiwa na watu, Kanini. Mke wa jirani yenu Nzioki alimpigia mke wangu Nzisa akamuuliza kama tumeshaunda kamati ya mazishi. Nzisa alikuwa jikoni, akaangusha sufuria.

Unajua hospisi ni nini? Hapa Ruiru kila mtu anajua. Ni wale wanaokuja daktari akishanawa mikono. Hawatibu. Wanamshika mgonjwa mkono, wanamuuliza angependa kuzikwa wapi, halafu wanampa mofini mpaka moyo unazimika wenyewe. Ni kumuua mtu kwa adabu. Na wewe umewafungulia lango ukawapa na chai.

Mimi ni shemasi. Kanisani nimewaambia Mama ana shida ya mgongo, na si uongo, mgongo unamuuma. Neno kansa sijalitamka na sitalitamka, maana ukilitamka umelikaribisha nyumbani. Tunafunga na kuomba kila Ijumaa. Sasa niwaambie nini? Kwamba huku sisi tunaomba apone, na huko dada yangu amemkatia tamaa?

Hao watu wasikanyage tena hapo. Nasema kama mtoto wa kwanza wa Nzau, na baba angekuwa hai angesema vivyo hivyo.

Kaka yako mkubwa,
Muema


Gatuanyaga
Alhamisi, 6 Februari 2025

Muema, mkubwa wa Nzau,

Simu nilikata kwa sababu nyumba ya Mama ina vyumba viwili, na wewe ukiongea kwa simu hata mbuzi wanageuka kusikiliza. Mama alisikia kila neno. Alisikia ukiniuliza, "Kwani unamngojea afe?" Akavuta blanketi akajifunika kichwa. Kwa hivyo kuanzia leo ukitaka kugombana na mimi, andika.

Umekuja hapa mara moja tangu Krismasi. Ulisimama mlangoni, leso puani, ukasema una mkutano. Basi nikuambie ulichokikimbia. Titi la kushoto la Mwaitu, mama yetu, lilipasuka likawa kidonda. Harufu yake ilinifanya nichome makaa na majani ya ndimu mchana kutwa. Wanawake wa chama waliacha kuja. Huyo mke wa Nzioki aliacha kununua maziwa ya mbuzi wetu, eti kansa inaambukiza kwa kikombe. Mama alikuwa analala amekaa, ameuma kitambaa ili asipige kelele. Daktari wa Nairobi, uliyemchagua wewe, alisema mwezi wa kwanza kwamba imefika kwenye mifupa, turudi nyumbani. Hakusema turudi nyumbani tufanye nini.

Nesi wa hospisi anaitwa Nekoye. Siku ya kwanza hakuuliza mambo ya kuzikwa. Aliuliza, "Mama, unaumwa wapi? Nionyeshe na kidole." Alisaga vidonge akanyunyizia kidonda, na siku ya tatu harufu ikaisha. Nilitoka nje nikalia. Hiyo mofini unayoiogopa ni maji machungu kwenye chupa, anapimiwa kwa bomba la plastiki lisilo na sindano, anameza. Jumamosi Mama aliamka akaniuliza kwa nini muthokoi wangu siku hizi hauna ladha. Wiki tatu hajala, halafu anatukana chakula changu! Kama hivyo ndivyo mtu anavyouawa, na mimi niuawe hivyo.

Ombeni, na sisi huku tunaomba. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alhamisi ijayo gari litakuja, na chai nitapika.

Kanini


Gatongora, Ruiru
Jumatatu, 24 Februari 2025

Kanini,

Nimesoma. Ulimi wako haujawahi kuhitaji kunolewa. Kuhusu leso puani sijibu. Nilikuwa na mafua.

Jumapili ijayo ni siku ya shukrani kanisani kwetu. Mchungaji amesema nimlete Mama awekewe mikono. Nitatuma pikapu ya Maina Jumamosi, Mama atakaa mbele na mto mgongoni, na Jumatatu nitamrudisha. Nimeongea na Mama mwenyewe kwa simu yake ulipokuwa umeenda kuteka maji, na amekubali. Kwa hivyo sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Mvalishe lile gauni la zambarau la harusi yetu. Watu watakuwa wengi. Na mtu yeyote akiuliza, ni mgongo.

Muema


Gatuanyaga
Alhamisi, 27 Februari 2025

Muema,

Amekubali, ndiyo. Nilimuuliza kama anataka kweli au anakufurahisha tu. Akasema, "Kanini, yule ni mtoto, wacha nimwendee." Una miaka arobaini na saba. Mtoto!

Sikiza vizuri. Chupa iko kwenye mfuko wa kijani, imefungwa na taulo. Anapewa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku anapewa kipimo mara mbili ili alale. Usiruke hata moja, hata akikuambia hasikii maumivu. Hasikii kwa sababu hatujaruka. Kichupa kingine ni cha kulainisha choo, na umpe papai. Haya yote nimemwandikia Nzisa pia, kwa sababu wewe sikuamini.

Kaa naye karibu. Kidonda hakinuki siku hizi, mafua yako hayatarudi.

Kanini


Gatongora, Ruiru
Jumanne, 4 Machi 2025

Kanini,

Kaa chini kwanza. Mama amepona.

Sikuambiwa, nilikuwepo. Saa tano na nusu mchungaji alimwita. Mimi nilitaka kumshika mkono, akanisukuma. Alitembea kutoka kiti cha nyuma mpaka madhabahuni bila fimbo, akashika maikrofoni akasema, "Mimi ni Kaveke, mama ya Muema. Nilikuwa siwezi kusimama, na leo nimesimama." Kanini, watu walilia! Mimi nililia mpaka nikashindwa kukusanya sadaka. Baadaye alikula chapati mbili na kuku, akacheka na wajukuu wake.

Sasa nani alikuwa sahihi? Mama mliyekuwa mnamwandaa kwa kaburi ametoa ushuhuda mbele ya watu mia tatu.

Yule aliyeponywa hatumii dawa ya wanaokufa, maana hiyo ni kumrudishia Mungu zawadi yake. Jana nilichukua chupa yenu nikaimwaga chooni, shahidi ni Philip, shemasi mwenzangu. Mama alinyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Atabaki hapa. Jumapili hii wageni kutoka makanisa mengine wanakuja kumwona. Wewe pumzika, rudi Juja kwenye kibanda chako cha chapati, wanafunzi wanakungoja. Mwambie nesi wako atafute mwingine.

Muema


Gatongora
Ijumaa, 7 Machi 2025

Bi Kanini,

Assalamu alaikum. Hunijui. Naitwa Leila, fundi wa nguo, chumba changu na nyumba ya kaka yako vimegawana ukuta mmoja. Wamboi wa nyanya amekupigia simu hupatikani, kwa hivyo anakuletea karatasi hii leo leo.

Jumapili nilimwona mama yenu akishuka kwenye gari, anacheka, watu wanaimba. Tangu Jumanne redio ya kaka yako inalia kwa sauti ya juu kutwa nzima. Nilidhani ni furaha. Jana nilienda kuomba wapunguze kidogo kwa vile tuko Ramadhani na kichwa kinaniuma, ndipo nikasikia dirishani kilichokuwa kinafunikwa na hiyo redio. Mama anapiga mayowe, Bi Kanini. Nimezaa mara nne na sijawahi kulia vile.

Nzisa alinifungulia mlango. Mama amelowa jasho, anaharisha, anatetemeka. Nzisa naye analia, anasema bwana amekataza hospitali kwa sababu Jumapili kuna wageni wa kumwona mama aliyepona. Simu ya mama amechukua kaka yako, na namba yako mama haijui kwa kichwa. Mama akaniomba niandike maneno yake jinsi alivyosema, nayo ni haya: "Mwambie Kanini aje na ile chupa. Na asigombane na ndugu yake."

Mimi si wa familia, na mambo ya dini za watu siingilii. Lakini mgonjwa haulizwi uji. Kaka yako anarudi kutoka kazini saa kumi na moja. Njoo kabla ya hapo.

Leila


Gatuanyaga
Jumatatu, 10 Machi 2025

Muema,

Ijumaa saa tisa nilikuwa mlangoni kwako. Nzisa alifungua kabla sijabisha. Tulimtoa Mama kwa blanketi, watu wanne: mimi, Nzisa, Leila na Maina. Kila tulipopiga hatua alipiga yowe, na majirani wako wote walitoka kusimama kwenye veranda zao. Wameona. Hakuna redio ya kufunika hilo.

Unajua Jumapili ile ni nini kilichosimama madhabahuni? Ni ile chupa. Nzisa alimpa Mama dawa saa nne, ndani ya gari, wewe ukiwa nje unasalimia watu. Saa tano na nusu ndipo inapofanya kazi sawasawa. Hukuona muujiza, uliona mtu aliyepumzishwa maumivu, jambo ambalo hungeliona hapa kwa sababu hukutaka kuingia ndani. Kisha ukaimwaga kwa kuwa imefanya kazi!

Nekoye alileta chupa nyingine Ijumaa ile ile, akarudi tena Jumamosi, siku yake ya kupumzika. Ilichukua siku mbili kuyarudisha maumivu chini. Kaka yangu, nilikuwa nakudharau kidogo. Sasa nakuchukia, nakuandikia wazi ili usije ukasema hukuambiwa.

Usije hapa mpaka nikuite. Na hilo si langu, ni la Mama. Amesema hataki kukuona.

Kanini


Gatongora, Ruiru
Alhamisi, 20 Machi 2025

Kanini,

Uliingia nyumbani kwangu kama mwizi, ukamharibu mke wangu, ukanitia aibu mbele ya majirani wa ploti nzima. Jumapili wageni walifika, nikawaambia Mama amesafiri. Mchungaji aliniita ofisini akasema uponyaji unaweza kuibwa na mtu wa nyumba moja asiyeamini. Sikukutaja. Alijua.

Unaniandikia kuhusu dawa na saa nne kana kwamba nilifurahia. Sitaki kuongea juu ya wiki ile. Mchungaji alisema ni shetani anatoka, na akitoka huwa anararua. Mimi ni mtu wa kuuza mabati, ningejuaje?

Kama Mama amesema hataki kuniona, basi. Sitakuja kurandaranda langoni kwa mama yangu mwenyewe kama muuza mitumba. Nitangoja. Siku atakayotaka kuniona, aniite, na hata kama nimepanda ngazi ya duka nitashuka nije. Simu yangu iko wazi. Mpaka aniite, sina la kuongeza.

Nimempa Wamboi machungwa na maziwa lala. Usimwambie yametoka kwangu kama hiyo itamfanya asile.

Muema


Gatongora, Ruiru
Jumanne, 29 Aprili 2025

Kanini,

Tumemzika Mama siku kumi na mbili sasa, na bado nasikia sauti yako kwenye kipaza sauti. Nilichapisha programu mia mbili, imeandikwa wazi: aliugua kwa muda mfupi. Ukoo ulikubali. Halafu wewe unasimama, hata hukuwa kwenye orodha ya wasemaji, unaanza, "Mama yetu alikufa kwa kansa ya titi, na hakufa akilia." Mbele ya mchungaji wangu! Mbele ya wageni wale wale walioambiwa amepona. Wazee waliinamisha vichwa. Mwingine nyuma yangu akasema, "Kumbe ilikuwa ile kitu." Sasa mabinti zangu wataolewaje, huku watu wanajua kuna kansa kwetu?

Lakini hilo silo linalonitoa usingizi. Mwezi mzima niliweka simu kifuani. Nilienda nayo kuoga. Mama hakuniita. Ulinipigia Ijumaa ile ameshakufa, na nilipofika alikuwa baridi. Mama aliyenibeba mgongoni mpaka darasa la pili, kwa sababu ya mguu wangu, amekufa bila kuuliza mtoto wake wa kwanza yuko wapi. Mama yangu hakuwa mtu wa hivyo. Kwa hivyo nimetafuta jibu nikalipata: ni mofini. Ilimla akili. Ilimsahaulisha mimi.

Na sinyamazi tena. Baba yake Philip ana kansa ya koo, na huyo Nekoye wako ameanza kwenda kwake na chupa zake. Nilimwita Philip nikamweleza yaliyompata Mama. Nikamwambia, wakikupa hiyo kitu, mzee atakufa hakujui jina. Mzee mwenyewe alikuwepo, akasikia. Wamemfukuza nesi. Nitamwambia kila mtu Ruiru nzima, nyumba kwa nyumba, na huo ndio utakuwa ushuhuda wangu.

Kama nimekosea, niambie. Aliniulizia hata mara moja?

Muema


Gatuanyaga
Jumamosi, 3 Mei 2025

Muema,

Nilianza kukujibu kwa matusi, nikachana. Nikaanza tena, nikachana.

Jana Nekoye alipita. Hana mgonjwa hapa tena, alikuja kunijulia hali. Akaniambia baba yake Philip hajalala wiki nzima, na yeye akirudi kubembeleza, mzee anageuza uso ukutani, anasema hataki dawa ya kusahau watoto. Nekoye akaniuliza ni nani anaeneza maneno hayo. Nilishindwa kumtazama.

Kwa hivyo soma polepole.

Mama alikuulizia. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, amekunywa dawa yake ya asubuhi, ana akili kuliko mimi na wewe. Aliniambia mbuzi mweusi ana mimba, na mimi ninayemkamua nilikuwa sijajua. Halafu akasema, "Mwite Muema." Nikasema nitamwita. Jumanne akauliza kama nimekuita. Nikasema nimepiga, umesema una kazi. Akasema, "Ni sawa, huyo mdosi wake wa dukani ni mkali." Jumatano akaniambia nivute kiti cha baba nikiweke upande wa dirisha, ili ukifika usikae mbali naye. Nikakivuta. Alhamisi alikitazama mchana kutwa, na hakuuliza tena. Ijumaa alfajiri akaenda. Ulipofika, wewe mwenyewe ulikitoa nje wazee wapate pa kukaa.

Sikukupigia. Simu ilikuwa na chaji. Kila nilipoishika nilikumbuka blanketi lile na mayowe yale mbele ya ploti yako, nikairudisha mfukoni. Nilisema, na yeye aonje. Na yale niliyokuandikia mwezi wa tatu, kwamba Mama amesema hataki kukuona, hakuyasema. Niliyatunga mimi. Yeye tangu siku tuliyomtoa kwako hakuwahi kusema neno baya juu yako, na hilo ndilo lililozidi kunikasirisha. Machungwa nilimwambia yametoka sokoni.

Nekoye alinifundisha mapema kwamba kuna maumivu yasiyotulizwa na chupa, na kwamba kazi yangu ni kumuuliza mgonjwa anataka kumwona nani, kisha nimletee. Nilifunzwa, Muema. Wewe ulimnyima dawa siku nne kwa kutojua. Mimi nilimnyima mtoto wake siku nne nikijua, halafu nikasimama mbele ya watu nikasema hakufa akilia. Hakulia, hilo ni kweli. Alikufa akidhani umekataa kuja.

Sikuombi msamaha, na yale ya Gatongora bado sijakusamehe. Ukitaka kuniita mbele ya ukoo, niite, nitakuja na nitasema haya haya.

Lakini kabla ya hayo yote nenda kwa Philip. Maina anakuletea barua hii mkononi, utakuwa nayo kabla ya saa sita. Mwambie Philip amrudishe Nekoye leo, dawa haikumsahaulisha Mama jina la mtu. Na akikuuliza kwa nini basi alikufa bila kukuita, mwambie aliita, siku tatu mfululizo. Ni dada yako ambaye hakupiga simu.

Kanini